Kuteleza kwenye barafu kwa wanaume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu makocha, majaji na alama

Maswali haya hunijia kila msimu, na huja kwa wingi saa chache baada ya mashindano makubwa, watu wakiwa bado wana hasira na matokeo. Nimeyajibu kwa kirefu pale penye utata, na kwa kifupi pale ambapo kanuni inajieleza. Kanuni ninazozitaja ni za Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu, ISU, lililoundwa mwaka 1892. Thamani za miruko ni zile zilizowekwa mwaka 2018.

Mashindano yenyewe yanaendaje?

Kila mtelezaji hucheza mara mbili. Kwanza ni programu fupi ya dakika 2 na sekunde 40, kisha programu ndefu ya dakika 4, zote kwa nafasi ya sekunde 10 zaidi au pungufu. Alama za programu zote mbili hujumlishwa, na mwenye jumla kubwa ndiye bingwa. Hakuna kuanza upya. Anayevurunda programu fupi huingia kwenye ndefu akiwa na deni.

Programu fupi ina vitendo 7 vya lazima: Axel (moja ya aina sita za miruko, nitazieleza mbele) ya mizunguko miwili au mitatu, mruko mmoja wa peke yake, miruko miwili ya kuunga, pia tatu (ndiyo, pia, kama ile ya watoto: mtelezaji anazunguka papo hapo juu ya mguu mmoja) na mfululizo wa hatua. Programu hii haina huruma. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022, Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alikanyaga tundu kwenye barafu wakati anaruka Salchow ya mizunguko minne. Ikatoka Salchow ya mzunguko mmoja. Kwa kuwa kanuni inadai angalau mizunguko mitatu, alipewa sifuri kwa kitendo kile. Akamaliza programu fupi akiwa wa nane, na mashindano akiwa wa nne.

Programu ndefu ina nafasi 7 za miruko, pia tatu, mfululizo wa hatua mmoja na mfululizo wa ubunifu mmoja. Kabla ya 2018 wanaume walikuwa na nafasi 8 za miruko na nusu dakika zaidi. Kwenye mashindano ya dunia, watelezaji 24 bora wa programu fupi ndio wanaoruhusiwa kucheza ndefu.

Alama hutokaje? Nani anaamua nini?

Watu wengi hudhani majaji huamua kila kitu. Sivyo. Kuna makundi mawili, na kila moja lina kazi yake.

La kwanza ni jopo la ufundi: mtaalamu wa ufundi, msaidizi wake, na msimamizi wao. Hawa husema kimefanyika nini. "Hii ni Lutz ya mizunguko minne." "Hii imepungua robo ya mzunguko." Wana haki ya kurudia video. Neno lao ndilo linaloweka thamani ya msingi ya kitendo.

La pili ni majaji 9. Hawa hawasemi kimefanyika nini, wanasema kimefanyika vizuri kiasi gani. Kila kitendo wanakipa alama ya ubora kuanzia -5 hadi +5. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na saba zinazobaki hugawanywa kupata wastani. Kila hatua moja ya ubora ina uzito wa asilimia 10 ya thamani ya msingi.

Tuchukue mfano. Mtelezaji anaruka tolupu ya mizunguko minne, thamani 9.50. Majaji wanatoa 3, 3, 2, 4, 3, 3, 1, 3, 2. Ondoa ile 4, ondoa ile 1. Zinazobaki zinafanya 19, gawanya kwa 7 upate 2.71. Zidisha kwa 0.95, ambayo ni asilimia 10 ya 9.50. Unapata 2.58. Mruko umelipa 12.08. Ukiweza kufanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi, umeshaelewa sehemu kubwa ya mfumo.

Kuna nyongeza moja. Miruko inayofanywa mwishoni, miguu ikiwa imechoka, huongezewa asilimia 10 ya thamani ya msingi: mruko wa mwisho kwenye programu fupi, na mitatu ya mwisho kwenye programu ndefu.

Mbona aliyeanguka amemshinda aliyesimama wima muda wote?

Hili ndilo swali linalouma watu kuliko yote, na jibu lake limebadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

Kabla ya 2018, Lutz ya mizunguko minne ilikuwa na thamani ya 13.60. Ukiizungusha kikamilifu kisha ukaanguka, ulipoteza 4.00 za ubora na 1 ya adhabu ya kuanguka. Ulibaki na 8.60. Wakati huohuo Lutz ya mizunguko mitatu iliyofanywa kwa ubora wa juu kabisa uliowezekana ililipa 8.10. Yaani mtu aliyeketi kwenye barafu alimshinda aliyefanya kazi isiyo na doa. Naona mashabiki waliokasirika miaka ile walikuwa na haki kabisa.

Sasa Lutz ya mizunguko minne ina thamani ya 11.50. Ukianguka unapata -5, yaani unapoteza 5.75, halafu unakatwa 1 ya kuanguka. Unabaki na 4.75. Lutz ya mizunguko mitatu yenye ubora wa +3 inakupa 7.67. Kwa mruko mmoja dhidi ya mruko mmoja, anguko halilipi tena.

Lakini mashindano si mruko mmoja. Mwenye kwadi nne (ndivyo mashabiki tunavyouita mruko wa mizunguko minne) akianguka kwenye moja, tatu zilizobaki bado zinamwacha mbali yule ambaye hana hata moja. Mfano ulio wazi ni Nathan Chen wa Marekani kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Programu fupi ilimharibikia kabisa, akawa wa 17. Siku iliyofuata alijaribu kwadi sita, akapata 215.08 na kushinda programu ndefu. Akapanda hadi nafasi ya tano. Deni la programu fupi lilikuwa kubwa mno hata kwa kwadi sita.

Adhabu za kuanguka nazo hupanda. Anguko la kwanza na la pili hukatwa alama 1 kila moja, la tatu na la nne alama 2 kila moja, na la tano kuendelea alama 3.

Nitaitofautishaje miruko sita?

Tazama mguu na uso wa mtelezaji kabla hajaondoka chini. Axel ndiyo rahisi kuitambua: anaondoka akiwa anatazama mbele. Miruko mingine yote huanza kwa kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo Axel ina nusu mzunguko wa ziada. Axel ya mizunguko minne ni minne na nusu.

Chuma cha kiatu kina kingo mbili, wa ndani na wa nje, na meno mbele. Tolupu, flipi na Lutz husaidiwa na meno: mtelezaji anachoma barafu kwa mguu mwingine kisha anapaa. Salchow na lupu huondoka kwa ukingo mtupu, bila kuchoma. Flipi na Lutz hufanana sana, tofauti ni kwamba flipi hutoka ukingo wa ndani na Lutz ukingo wa nje. Mtu anayekaribia Lutz huwa anateleza kwenye tao refu, mara nyingi kuelekea pembeni ya uwanja, akitazama juu ya bega. Ukingo ukigeuka sekunde ya mwisho, jopo huandika "e" na thamani inashuka.

Majina ya mitatu kati ya hii ni ya watu: Axel Paulsen wa Norwei, Alois Lutz wa Austria, na Ulrich Salchow wa Uswidi, ambaye ndiye aliyechukua medali ya kwanza ya Olimpiki ya wanaume huko London mwaka 1908.

Nani alianza kuruka kwadi?

Kurt Browning wa Kanada aliruka tolupu ya mizunguko minne kwenye mashindano ya dunia ya 1988, Budapest, na ndiyo ya kwanza kutambuliwa rasmi. Timothy Goebel wa Marekani akaleta Salchow mwaka 1998. Brandon Mroz, naye wa Marekani, akaleta Lutz mwaka 2011. Mwaka 2016 ukaleta mbili: flipi ya Shoma Uno na lupu ya Hanyu, wote Wajapani. Ikabaki Axel. Hanyu aliifukuzia kwa miaka, akaijaribu hadi kwenye Olimpiki ya Beijing, akaanguka. Miezi saba baadaye, Septemba 2022, kijana wa Marekani Ilia Malinin aliikamilisha huko Lake Placid akiwa na miaka 17.

Miaka 34, miruko sita. Hewani mtelezaji anakaa chini ya sekunde moja, na muda huo haujawahi kurefuka sana. Kilichobadilika ni kasi ya kujikunja na kujifungua.

Alama za "q" na "<" kwenye karatasi zina maana gani?

Ni hukumu ya jopo la ufundi juu ya mzunguko. "q" maana yake mruko umepungukiwa robo kamili: thamani inabaki, lakini majaji wanapaswa kupunguza ubora. "<" maana yake umepungukiwa zaidi ya robo lakini haujafika nusu: unalipwa asilimia 80 ya thamani. "<<" ni nusu au zaidi, na hapo mruko unahesabiwa kana kwamba ulikuwa na mzunguko mmoja pungufu. Kwadi inakuwa mruko wa mizunguko mitatu, tena iliyofanywa vibaya.

Hapa ndipo mashindano mengi huamuliwa bila mtazamaji wa nyumbani kujua. Mtelezaji amesimama, watu wamepiga makofi, yeye mwenyewe amekunja ngumi kwa furaha. Dakika mbili baadaye alama inashuka. Kamera ya jopo kwa kawaida ni moja na pembe yake ni moja, na robo ya mzunguko ikitazamwa kutoka upande usiofaa haionekani. Binafsi naamini kamera za ziada zingeondoa ugomvi mwingi kuliko mabadiliko yoyote ya kanuni.

Vipengele vya programu si upendeleo mtupu?

Upendeleo mtupu hapana, ila udhaifu upo, na si vizuri kuuficha.

Mbali na vitendo, majaji hutoa alama kwa programu nzima. Tangu msimu wa 2022–23 vipengele ni vitatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Kabla ya hapo vilikuwa vitano. Kila kimoja hupimwa hadi 10, kwa hatua za 0.25. Kwa wanaume jumla huzidishwa kwa 1.67 kwenye programu fupi na 3.33 kwenye ndefu, kwa hiyo kilele ni kama alama 50 na 100.

Ustadi wa kuteleza unapimika. Usitazame miruko, tazama kilicho kati ya miruko. Hesabu mtelezaji anasukuma mara ngapi ili kuvuka uwanja. Patrick Chan wa Kanada, bingwa wa dunia mara tatu, alikuwa anasukuma mara mbili tatu tayari yuko upande wa pili, goti limelala, chuma hakitoi sauti ya kukwaruza. Mwingine anasukuma mara nane kwa umbali uleule. Tofauti hiyo si ladha ya mtu, ni kitu cha kuonekana kwa macho.

Shida ni kwamba jaji yuleyule, ndani ya dakika zilezile nne, anapima ubora wa vitendo 12 na papo hapo anatakiwa awe na maoni juu ya utunzi. Akili ya binadamu ina kikomo. Matokeo yake, vipengele vitatu vinavyopaswa kupimwa kila kimoja peke yake huishia kufuatana kama kumbikumbi: anayepata 9.25 kwenye kimoja anapata 9.25 au 9.00 kwenye vingine. Tena anayeruka kwadi nyingi huona vipengele vyake vikipanda msimu hadi msimu hata kama kuteleza kwake hakujabadilika, na mgeni asiye na jina huanzia chini. Ningependa majaji wagawanywe: wengine wapime vitendo, wengine wakae na programu nzima bila kubonyeza kitu kingine. Wazo hili si langu peke yangu, limezungumzwa ndani ya mchezo kwa miaka.

Majaji hupendelea nchi zao?

Wapo wanaofanya hivyo, na imethibitishwa. Mchumi Eric Zitzewitz wa Marekani alichambua alama za michezo ya majira ya baridi, akakuta majaji huwapa watelezaji wa nchi yao alama za juu kuliko wenzao wanavyowapa. Baada ya Pyeongchang, ISU ilimfungia jaji mmoja wa China miaka miwili kwa kumpendelea mtelezaji wa nchi yake, Jin Boyang, katika mashindano ya wanaume.

Mfumo wa sasa wenyewe ulizaliwa na kashfa. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, katika mashindano ya jozi, jaji wa Ufaransa alidai alishinikizwa kuwapigia Warusi kura. Ikabidi itolewe medali ya pili ya dhahabu kwa Wakanada. Mfumo wa zamani wa 6.0, ambao ulikuwa unawapanga watelezaji kwa nafasi, ukazikwa. Olimpiki ya kwanza kutumia mfumo mpya ilikuwa Torino, 2006.

Lakini pamoja na dawa kulikuja ugonjwa mwingine: majina ya majaji yalifichwa. Ungeona alama tisa bila kujua ni ya nani. Nia ilikuwa kuwakinga na shinikizo la mashirikisho yao. Kilichotokea ni kwamba hata shabiki na mwandishi wa habari hawakuweza kumkagua mtu. Usiri huo ulifutwa na mkutano mkuu wa ISU mwaka 2016. Leo karatasi ya alama inakuonyesha jaji namba 4 ni nani, katoka wapi, na kampa nani nini. Wastani wa kukata juu na chini unasaidia kumzuia jaji mmoja. Hauwezi kuwazuia watatu waliokubaliana.

Kocha anafanya nini hasa? Mbona anaonekana tu ukingoni akiwa ameshika chupa ya maji?

Kile unachokiona siku ya mashindano ni mkia wa kazi. Kocha wa mtelezaji wa kiwango cha juu ana kazi kama nne.

Anafundisha ufundi: pembe ya bega kabla ya Lutz, muda wa kuvuta mikono kifuani, mguu huru ukae wapi wakati wa kutua. Kwa miruko mipya hutumia fimbo ndefu yenye kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa mtelezaji. Kocha anateleza kando yake na kumwinua kidogo anapopaa, ili mwili uonje mzunguko wa nne kabla haujaweza kuufanya peke yake.

Anahesabu mwili. Mtelezaji hutua kwa mguu mmoja, na kila kutua hupiga nyonga, goti na kifundo kwa nguvu ya mara kadhaa ya uzito wake. Kijana mwenye hamu atataka kuruka hamsini kwa siku. Kocha mzuri ndiye anayesema leo basi.

Anapanga programu: mruko gani uende wapi, kipi kiwekwe mwishoni kwa ajili ya nyongeza, kipi kiondolewe. Utunzi wa miondoko mara nyingi hufanywa na mtu mwingine, kama Shae-Lynn Bourne au Jeffrey Buttle, ambao wenyewe walikuwa mabingwa wa dunia. Lakini kocha ndiye anayekata shauri kwamba mtunzi ameweka mikono mingi mno kabla ya kwadi.

Na la nne ni kuwepo. Novemba 2019, huko Grenoble, Shoma Uno alishindana bila kocha. Alikuwa ameachana na walimu wake wa utotoni na hakuwa amepata mwingine. Akaanguka, akaanguka tena. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la kusubiri alama, lile watu wa mchezo huliita la mabusu na machozi, na hapakuwa na mtu kulia wala kushoto kwake. Akalia mbele ya kamera huku ukumbi ukimshangilia. Akamaliza wa nane. Baadaye alihamia kwa Stéphane Lambiel huko Uswisi, bingwa wa dunia wa zamani, na Uno akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2022 na 2023. Miguu ilikuwa ileile. Ukiniuliza kocha ni nini, nakuonyesha picha mbili za benchi lile.

Mzazi anaweza kuwa kocha?

Anaweza, na hali hiyo si ngeni kileleni. Malinin anafundishwa na wazazi wake, Tatiana Malinina na Roman Skorniakov, ambao walishindania Uzbekistan. Yuma Kagiyama wa Japani anafundishwa na baba yake, Masakazu, aliyecheza Olimpiki mbili. Mwaka 2023 Carolina Kostner wa Italia akaongezwa. Kumwongeza mtu wa nje naona ni busara. Mzazi anaona kila kitu isipokuwa alichokizoea.

Kuna njia nyingine pia. Nathan Chen alisoma chuo kikuu cha Yale, mashariki mwa Marekani, huku kocha wake Rafael Arutyunyan akiwa California. Akatwaa ubingwa wa dunia wa 2019 akifundishwa kwa mbali. Sidhani kama wengi wanaweza. Chen alikuwa tayari anajua kujisahihisha.

Kocha mmoja anaruhusiwa kufundisha wapinzani wawili?

Anaruhusiwa. Brian Orser huko Toronto alimfundisha Hanyu wa Japani na Javier Fernández wa Uhispania kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, asubuhi moja. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa wa kwanza na wa pili duniani, Fernández juu mara zote mbili. Boston 2016 ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi: Hanyu aliongoza programu fupi kwa 110.56, akiwa mbele kwa zaidi ya alama 12, kisha Fernández akacheza programu ndefu ya 216.41 na kumpita. Orser alikaa benchi moja na mshindi, na benchi hilohilo na aliyeshindwa. Wachezaji wenyewe wamebaki marafiki. Mimi huona kila mmoja alimnoa mwenzake: Hanyu alikuwa na miruko ya kumtamanisha Fernández, na Fernández alikuwa na utulivu wa kumtamanisha Hanyu.

Mpango ukivurugika katikati ya programu, mtelezaji anaruhusiwa kubadilisha?

Ndiyo, bila adhabu. Orodha ya vitendo anayoiwasilisha kabla ni ya kumsaidia jopo tu. Hatari iko kwenye kanuni ya marudio, inayoitwa kwa jina la Elaine Zayak wa Marekani. Kwenye programu ndefu unaweza kurudia aina mbili tu za miruko ya mizunguko mitatu au minne, na katika hizo mbili, kwadi ni moja tu. Ukirudia mruko bila kuuunga na mwingine, unalipwa asilimia 70.

Sasa fikiria mtu aliyepanga kuunga kwadi na tolupu, akatua vibaya, kiungo hakikutokea. Ana sekunde tano hivi za kuamua, akiwa anateleza kwa kasi na moyo unadunda, atakiweka wapi kiungo hicho bila kuvunja kanuni. Makocha huwazoesha mazoezini: wanawakatiza, wanawaambia mruko wa pili umeharibika, endelea. Hiyo ndiyo sababu utaona mtu anaunga tolupu mahali ambapo msimu mzima hakuwahi.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoweka dari ya kwadi. Aina sita, moja irudiwe: saba. Malinin alizifikisha saba kwenye fainali ya Grand Prix (mfululizo wa mashindano ya kila msimu), Nagoya, Desemba 2025, na kupata 238.24 kwa programu ndefu.

Je, mtu asiye na kwadi anaweza kushinda tena?

Evan Lysacek wa Marekani alishinda Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 bila kwadi hata moja, mbele ya Evgeni Plushenko wa Urusi aliyekuwa nayo. 257.67 dhidi ya 256.36. Plushenko na mashabiki wake hawakulikubali. Lakini ukifungua karatasi unaona: Lysacek aliweka miruko mitano kati ya minane kwenye nusu ya pili, ambapo wakati ule kila mruko ulikuwa na nyongeza, na Plushenko aliweka mitatu. Ushindi ulikuwa kwenye mpangilio, na mpangilio ni kazi ya kocha. Kocha wa Lysacek alikuwa Frank Carroll.

Leo, kwa wanaume, haiwezekani. Pengo la thamani ni kubwa mno.

Sarakasi ya kurudi nyuma imeruhusiwa?

Ndiyo, tangu msimu wa 2024–25. Terry Kubicka wa Marekani aliifanya kwenye Olimpiki ya 1976, ikapigwa marufuku mara baada ya hapo. Mfaransa Adam Siao Him Fa aliirudisha mwaka 2024 akijua atakatwa alama 2, kwanza kwenye ubingwa wa Ulaya, ambao alishinda, kisha kwenye mashindano ya dunia ya Montreal, ambako alipanda kutoka nafasi ya 19 hadi medali ya shaba. Haihesabiwi kama mruko. Inachangia tu hisia za programu.

Muziki wenye maneno? Mavazi?

Maneno yameruhusiwa tangu msimu wa 2014–15. Vifaa vya mkononi haviruhusiwi, na kipande cha vazi kikidondoka kwenye barafu unakatwa alama 1.

Wakipata alama sawa?

Mwenye programu ndefu bora hushinda.

Mbona nchi nyingine zina watelezaji watatu kwenye mashindano ya dunia na nyingine mmoja?

Nafasi hutafutwa mwaka uliotangulia. Nafasi za wawili bora wa nchi zikijumlishwa zikawa 13 au pungufu, nchi inapata tatu. Ndiyo maana mtu wa nafasi ya tisa wakati mwingine anashangilia kuliko mwenye medali.

Nikitaka kusoma karatasi ya alama, naanzia wapi?

Karatasi hutolewa kwa kila programu, bure, muda mfupi baada ya mashindano kwisha. Anza na safu ya thamani za msingi, uone mtelezaji aliingia na mzigo gani. Kisha shuka na safu ndogo iliyo kando ya majina ya vitendo, kule kwenye "q", "<" na "e"; hapo ndipo jopo limeongea. Baada ya hapo pitia alama za ubora kwa mlalo, kitendo kimoja kimoja, utafute jaji aliyeko peke yake: wanane wametoa 2 na 3, yeye katoa -1. Mara moja si kitu, labda aliona kutua kwa upande ambao wengine hawakuuona. Ukimkuta yuko peke yake kwenye kila kitendo cha mtelezaji mmoja, fungua karatasi ya mpinzani wa mtelezaji huyo na utazame jaji huyohuyo alitoa nini kule.